Tundu la Nyavu Ndogo

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kusalimiana na mtu, Mama Wavu huingia golini na kupitisha ngumi kwenye wavu. Huanzia chini, kwenye mlingoti wa kushoto. Jicho la kwanza, ngumi. Jicho la pili, ngumi. Hupanda hadi pale mkono wake unapokomea, hushuka, husogea nusu hatua, huanza tena. Ngumi ikipita kwa kukwaruzwa kidogo pale panapokaa saa, jicho ni zima. Ikipita na kuelea, hupiga goti palepale, huchomoa sindano ya mbao mfukoni mwa aproni, hushona. Haulizi nani kachana wala lini. Magoli mawili humchukua karibu saa nzima, na akimaliza ndipo utamsikia: "Haya, mmeamkaje?"

Uwanja mzima humwita Mama Wavu, kuanzia katibu wa klabu hadi wauza karanga wa getini. Mumewe humwita mama watoto. Mimi nilifika kwake kwa sababu ya magazeti mawili.

Maktaba ya chuo hutunza magazeti ya zamani, na siku moja nilikuta habari za mechi moja katika magazeti mawili ya tarehe moja. Gazeti la mji wa kwanza lilisema bao lilifungwa dakika ya themanini na moja, kwa shuti kali la chini. Gazeti la mji wa pili lilisema matokeo yalikuwa sifuri kwa sifuri. Halikusema kwamba bao lilikuwa na utata, wala kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Kwa gazeti lile, bao halikuwepo kabisa. Nilisoma mara tatu. Niliowauliza walinijibu kwa hasira iliyotunzwa miaka ishirini, mpaka mzee mmoja akachoka nami: "Wewe binti, nenda kwa aliyeushona ule wavu."

Miji hiyo miwili imetenganishwa na barabara ya kilomita kumi na nne na mto ambao hata mbuzi anauvuka. Mmoja ulikua kuzunguka karakana za reli, mwingine kuzunguka vinu vya unga. Timu zao ni Reli na Kinu. Watu wa Kinu huwaita wenzao Masizi. Watu wa Reli huwajibu kwa kuwaita Pumba. Wanaoana, wanazikana, wanatibiwa katika hospitali moja, lakini wiki ya mechi hata daktari wa meno huulizwa kwanza anatoka upande gani kabla mtu hajafungua kinywa.

Mama Wavu alizaliwa upande wa Pumba, kifungua mimba wa watoto wanne. Alipofika miaka kumi na sita aliingia kwenye karakana iliyoshona mifuko ya nyavu ya kutilia vitunguu. Alikuwa akirudi nyumbani na mifuko iliyoharibika, na kitinda mimba wao, mdogo wake wa kiume aliyekuwa na miaka sita, ndiye aliyepewa kazi ya kufumua mafundo mabovu ili uzi utumike tena. Alifumua kwa kucha na meno, jioni baada ya jioni, hadi akayajua mafundo ya dada yake kwa kuyagusa tu.

"Ungemfunga kitambaa machoni," Mama Wavu aliniambia, "ukampa mifuko ya wasichana wote wa pale, wangu angekuonyesha."

Kitinda mimba huyo alikuja kuwa kipa wa Kinu. Walimwita Komeo. Dada yake aliolewa na fundi wa breki za mabehewa, shabiki wa Reli ambaye, kwa maneno ya mkewe, alimposa akiwa kavaa koti la rangi za timu. Mume ndiye aliyempeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Yeye hakuuangalia mpira. Aliangalia wavu, uliokuwa umefungwafungwa kwa kamba ya katani na vipande vya waya, na mechi ilipokwisha akamfuata mtunza uwanja.

"Samahani, kaka. Huu ni wavu au tenga la kuku?"

"Unaweza kushona vizuri zaidi?"

"Hata nikiwa nimesinzia."

Wiki iliyofuata alipewa kazi. Sasa ana miaka ishirini na sita pale.

Mechi ya Reli na Kinu ndiyo pekee asiyoitazama. Siku hiyo hukaa stoo, chini ya jukwaa kuu, katikati ya magunia ya chokaa na vibendera vya kona, mlango kaurudisha. Nilidhani ni kwa sababu ya wasiwasi. Alicheka. "Nikishangilia, nimemkosea mdogo wangu. Nikinuna, nimemkosea mume wangu, Baba Pacha. Stoo sikosani na mtu."

Hivyo bao lile yeye alilisikia tu. Jukwaa lilitikisika juu ya kichwa chake, vumbi la chokaa likamwagika begani, akajua Reli wamefunga na wamechukua ubingwa. Zilifuata kelele za kuzomeana, ndefu kuliko kawaida, lakini kelele za mechi hii siku zote ni ndefu kuliko kawaida. Nyumbani alimkuta mumewe akiimba na pacha wao wawili mabegani.

"Mama watoto, umekosa! Themanini na moja! Komeo limefunguka lenyewe!"

"Amefungwaje?"

"Kama wanavyofungwa wengine. Sasa wanalia. Pumba wakifungwa lazima walie, refa hivi, refa vile." Akakumbuka anaongea na nani. "Lakini kadaka vizuri, mdogo wako. Hilo nalikubali."

Mama Wavu hakuuliza zaidi. Asubuhi aliingia golini kama kawaida. Lango la upande wa karakana za reli lilikuwa zima hadi alipofika kwenye nyavu ndogo za kulia, zile za ubavuni mwa goli, chini kabisa, pale wavu unapojikunja karibu na mlingoti. Ngumi yake ilipita na kuelea. Akafungua mkunjo. Mafundo manne yalikuwa yameachia, na macho yaliyokuwa madogo yamekuwa tundu moja ambalo mpira ungepita bila kugusa kingo.

Matundu baada ya mechi si ajabu. Wachezaji hushangilia kwa kuning'inia. Lakini uzi ukikatika kwa kuvutwa, ncha zake huchanua kama brashi. Ncha alizozishika asubuhi ile zilikuwa nzima, laini, zimepinda kidogo. Hazikukatika. Zilifunguka.

Alielewa mara moja, na shingo ikamwaka moto. Wiki mbili nyuma klabu ilikuwa imenunua uzi mpya wa nailoni, mweupe, unaoteleza. Yeye aliufunga kwa fundo lilelile moja la tangu utotoni, fundo la uzi wa pamba. Pamba hujing'ang'ania yenyewe. Nailoni huteleza taratibu, kila mpira unapopiga, mpaka siku moja inaachia. Msichana wa wiki ya kwanza karakanani angelijua hilo.

"Nilichowaza ni kimoja tu," aliniambia. "Mtunza uwanja asije akaona. Angeniambia nini, nimezeeka kabla ya siku zangu?"

Akashona. Safari hii alifunga mafundo mawili mawili. Kisha akazunguka magoli yote mawili akifumua kila alichokishona kwa uzi mpya na kukifunga upya. Saa mbili na nusu kazi ilikuwa imekwisha, nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Saa nne getini pakasimama gari. Waliteremka mwenyekiti wa Kinu, ambaye ni msaga unga mwenye kitambi na sauti ya kwenye mashine, ofisa wa ligi, ambaye ni mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, na katibu wa Reli mwenye kalamu tatu mfukoni. Nyuma yao alikuja Komeo, bado na plasta kwenye kidole.

"Kipa wetu anasema mpira ulipiga nyavu ndogo kwa nje, ukapenya," alisema mwenyekiti. "Tumekuja kuliona tundu."

"Tundu!" katibu akacheka. "Jamani, Pumba mnachekesha. Jana mlisema kaotea."

Mama Wavu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na ndoo ya chokaa mkononi. Ndipo alipojua alichokiziba.

Komeo alipiga goti kwenye mlingoti wa kulia. Aliingiza vidole kwenye mkunjo, akapapasa jicho baada ya jicho. Mahali pamoja vidole vilisimama. Vikarudi nyuma, vikagusa fundo, vikaligeuza. Akainua uso akamtazama dada yake, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoitarajia.

"Eeh?" mwenyekiti akauliza. "Liko wapi?"

"Wavu ni mzima," alisema Komeo, akasimama, akajipangusa magoti.

Kuanzia siku hiyo upande wa vinu walisema ameuza mechi. Hadithi ilikaa vizuri kupita kiasi: dada yake anafanya kazi Reli, shemeji yake ni Masizi wa kuzaliwa, na mwenyewe kapelekwa kwenye tundu kaona hakuna. Kamati ya Kinu ikatangaza kwamba Alhamisi, mbele ya ofisa wa ligi, itaomba afungiwe asicheze tena popote.

Nilimuuliza Mama Wavu alikuwa akifanya nini siku hizo. Alisema alikuwa akishona. Alijiambia kwamba maneno ya mpira hupoa. Jumatano wifi yake, mke wa Komeo, alikuja na kukaa ukingoni mwa kiti bila kuvua mtandio.

"Wifi, sikuja kugombana."

"Kaa vizuri basi. Chai?"

"Chai sitaki. Mdogo wako hatoki. Jana kaenda dukani kununua mkate, kavaa kofia na miwani ya jua, na mvua inanyesha. Muuza duka akamuuliza Masizi walimpa nini."

Mama Wavu akaiweka birika chini.

"Ameniambia aliyashika mafundo," wifi akaendelea. "Anasema ni mkono wako, lakini yamefungwa mawili mawili, na wewe tangu mkiwa wadogo hujawahi kufunga mawili. Anasema yalikuwa ya asubuhi ile, hata vumbi halijayakalia. Akanikataza nisikwambie. Eti ukisema, utafukuzwa kazi, na pacha bado wadogo." Akasimama. "Sasa nimekwambia. Akiniacha, nitahamia hapa kwako."

Jioni Mama Wavu alimweleza mumewe, wamekaa wawili barazani, viatu vya pacha vimezagaa miguuni. Mume alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo, kwa maelezo ya mkewe, halikuwa kawaida yake.

"Ukisema hivyo, ubingwa unaondoka."

"Unaondoka."

"Na kazi yako."

"Na kazi."

"Na mimi kesho kutwa naingiaje karakana, mama watoto? Watu mia mbili mle ndani."

"Kwa mlango uleule, Baba Pacha. Mafundo yaliyoachia si yako."

Mume akavaa viatu akatoka. Alirudi giza limeanza kuingia, akauliza wavu wenyewe una uzito gani, na kama unaingia kwenye tenga la baiskeli.

Kikao kilifanyika saa sita mchana katika ukumbi wa shule iliyo nusu ya njia, ili asiwepo wa kujisifu kwamba wenzake ndio waliomfuata. Mama Wavu aliingia na wavu begani, umeviringishwa kama jamvi, mumewe nyuma yake kabeba mpira. Katibu wa Reli alinyanyuka.

"Huyu ni mtumishi wetu. Nani kamwita?"

"Sijaitwa," alisema Mama Wavu. "Tundu lilikuwepo. Nimelishona mimi, Jumatatu alfajiri, kabla hamjafika."

Ukumbi ulilipuka. Katibu alisema anamtetea mdogo wake. Mwenyekiti wa Kinu naye, badala ya kufurahi, akasimama juu ya kiti: "Kumbe! Walimtuma afiche ushahidi!" Kwa dakika chache pande mbili ambazo hazijawahi kukubaliana kwa lolote zilikubaliana kwamba mama huyu ni mwongo.

Ofisa wa ligi akagonga meza kwa miwani yake. "Mama, kwa nini hukusema siku ile?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya fundo."

Hawakuelewa, na yeye si mtu wa maneno. Alitoa mfukoni vipande viwili vya uzi wa pamba, akaviunga kwa fundo moja, akampa mwenyekiti ncha moja na katibu ncha nyingine. "Vuteni." Walitazamana kama watu walioambiwa wabusiane. Wakavuta. Uzi ulikaza mpaka ukalia, fundo halikusogea. Akatoa vipande viwili vya nailoni, akafunga fundo lilelile mbele ya macho yao. "Vuteni tena. Achieni. Vuteni. Kama mpira unavyopiga."

Mara ya tano uzi uliachia. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, alikalia ndoo ya kudekia.

Hakuna aliyecheka zaidi ya Komeo, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

Ofisa alivaa miwani, akaziokota ncha mbili, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nzima, laini, zimepinda kidogo. Kisha Mama Wavu alitandaza wavu sakafuni. Uzi wa wiki mbili nyuma ulikuwa umeshaanza kuwa na rangi ya udongo. Ule wa Jumatatu ulikuwa mweupe kama jino. Lakini mafundo mawili mawili yalikuwa kila mahali kwenye wavu ule, na katibu akaliona hilo haraka.

"Umeshona sehemu thelathini. Tutajuaje kwamba hiyo ndiyo?"

"Hizo nyingine niliongeza fundo kwenye uzi uleule. Hapa tu ndipo nilipoweka kipande kipya, maana uzi wa zamani ulikuwa umevutika, haukutosha." Akafumua mafundo yake ya Jumatatu, moja moja, kwa ukucha. Alipoondoa kipande kile, tundu lilifunguka lenyewe, na kando yake macho ya wavu yalikuwa yamelegea, yote yameelekea ndani. Mumewe akaachia mpira juu yake. Ulipita ukadunda sakafuni.

Fundi wa breki za mabehewa, Reli wa kufa na kupona, ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Umepita," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba.

Ofisa aliagiza mechi irudiwe. Kinu hawakuomba tena Komeo afungiwe, ingawa hawakumwomba radhi pia. Mwenyekiti alimpelekea gunia la unga mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi. Katibu wa Reli alimsimamisha kazi Mama Wavu siku hiyohiyo. Kulitokea shida moja ambayo katibu hakuifikiria. Kinu walisema hawataingia uwanjani kama wavu haujashonwa na yeye, maana wengine hawajulikani wanafunga mafundo mangapi. Reli nao, kimyakimya, walikuwa na wasiwasi uleule. Akarudishwa baada ya siku tisa. Barua ya kumrudisha ilikuwa fupi kuliko ile ya kumsimamisha.

Mechi ya marudio Kinu walifungwa mbili, zote zikiingia kwa mbele ya goli, mchana kweupe. Komeo alitoka uwanjani akipiga makofi. Upande wa vinu walimzomea kwamba ni kipa mbovu, na mkewe anasema alipofika nyumbani alikuwa na furaha kama aliyeshinda, akirudia maneno ya wazomeaji neno kwa neno. Gazeti la mji wa kwanza liliandika mabao mawili. La mji wa pili safari hii nalo liliandika mawili, kwa herufi ndogo, ukurasa wa saba.

Baba Pacha alikaa mwezi mzima akisalimiwa na watu wachache karakanani. Alijizoeza kula chakula cha mchana peke yake, na mpaka leo, wakati wenzake wameshasahau, bado anakula peke yake. Anasema kumbe ni kutulivu.

Nilirudi kwa Mama Wavu mara nne, nikimwangalia akifanya kazi, nikiliahirisha swali moja nililokuja nalo. Siku ya mwisho alikuwa amekaa juu ya gunia la chokaa stoo, anatia uzi kwenye sindano. Nilimuuliza: kama asubuhi ile angejua lile tundu lina maana gani, na mtu wa kumwona hakuna, angefanya nini?

Aliivuta ncha ya uzi, akaitazama.

"Ningeliacha lilivyo," alisema, "nikarudi nyumbani nikajifunika shuka, nikasema naumwa."